Kilemba cha Zaka

Hakuna msiba ulionishinda. Nasema bila haya, na ukiwa na shaka uliza Iringa yote, kuanzia Ipogolo kule bondeni hadi Kihesa juu. Mimi Otmar Nyoni, Mngoni wa Songea, mtani halali wa Wahehe walio hai na waliokufa, naweza kumchekesha hata maiti. Misiba kumi na saba nimetania. Kwa mzee Luhanga niliingia kaburini kabla ya jeneza, nikalala chali, nikakoroma kidogo, kisha nikawaambia wachimbaji waongeze shubiri mbili kwa sababu marehemu alikuwa na domo refu. Mjane wake alicheka mpaka wanawake wakamshika asidondoke. Ndiyo kazi ya mtani. Wenye msiba wanalia, sisi tunawapumzisha.

Wa kumi na nane ulikuwa wa Zakayo Kikoti.

Turubai lilikuwa limefungwa uani kwao Mtwivila, maharage yanachemka juu ya mafiga, na ile baridi ya mwezi wa saba inayomfanya mtu mzima akumbatie kikombe kama mtoto. Nilitoka chumbani nimevaa koti la Zaka, lile la kahawia lenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi wa bluu. Watu walipoliona tu wakachangamka.

"Haya, Mngoni kafika!" Mzee Kihwele, mjomba wa marehemu, akasogeza benchi kunipa nafasi. "Hebu mtembeze tumwone!"

Kumtembeza Zaka ni kazi rahisi. Alitembea kama mtu anayekwepa madimbwi, hata kiangazi. Nikainua mguu. Nikaushusha. Nikauinua tena, nikafungua mdomo niseme lile neno la kwanza linalovunja kilio. Hakikutoka kitu. Nilisimama pale katikati ya uwanja, mguu juu, kama korongo aliyesahau alichofuata mtoni.

"Kasahau njia," mtu mmoja akasema, na wachache wakacheka kwa kunionea huruma.

Mzee Kihwele hakucheka. "Kaa chini, mtani," akasema taratibu. "Huyu alikuwa wako."

Nikakaa. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Maziko yalikuwa saa tisa. Na saa nane kamili, kabla ya maziko, nilikuwa na jambo la kuamua, peke yangu.

*

Kwanza ujue kilemba.

Chuo cha Matabibu wa Mbali kinachukua watu arobaini kwa mwaka, nchi nzima. Ukimaliza pale unakaa Iringa, na mikono yako ya chuma iko Tunduru au Loliondo, inapasua watu usiowahi kuwasalimia. Kwa kazi kama hiyo waliona mtihani wa karatasi hautoshi. Karatasi inaonyesha ulichokariri. Kilemba kinaonyesha ulivyo.

Kwa macho ni kitambaa tu, cheupe, upana wa vidole vinne, kimefumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Unafungwa nyumbani alfajiri ili kizoee kichwa, na unakifungua saa kumi na moja jioni. Katikati hapo kinakuletea wagonjwa. Unawaona, unawagusa, unanusa hadi jasho lao, na kumbe umekaa kwenye kiti umefumba macho. Kila ulichofikiri, ulichoogopa na ulichopuuza siku hiyo kinabaki ndani ya nyuzi. Hakikupambi kama kile kilemba cha ukoka. Ukikivua kinakuachia mstari mwekundu kwenye paji la uso, unakaa hadi kesho yake, na mtaa mzima unajua umetoka wapi.

Sasa sikiliza kanuni yake, maana ndiyo iliyonikaba. Mtihani ukiisha huonyeshwi alama. Unapewa mpaka saa nane ya kesho yake uamue: unaziacha au unazifuta. Ukiziacha, kwa kubonyeza kitufe cheupe au hata kwa kukaa kimya tu, zimekuwa zako maisha yako yote, hakuna kurudia. Ukizifuta, utarudi mwakani kama hujawahi kufanya. Lakini wagonjwa wa mwakani ni walewale. Kwa hiyo, ili usimpunje mwenzako, kilemba kinaichukua siku yenyewe. Unakifunga tena, unabonyeza kitufe cheusi, unalala robo saa, unaamka huna siku. Tangu ulipofungwa hadi ulipofunguliwa, patupu.

Mwaka wa kwanza mama mmoja wa Makambako alijifunga kilemba cha mwanawe akaenda kumfanyia mtihani, na kilemba kikamkubali! Ndipo mafundi wakagundua kwamba kichwa cha mama na cha mtoto wake vinafanana kiasi cha kukidanganya kitambaa. Tangu siku hiyo kinamama wanaishia getini. Mimi na Zaka tulicheka habari hiyo wiki nzima. Tukasema mama yake akikivaa, mgonjwa wa kwanza atapona kwa kupikiwa.

*

Jana alfajiri Mama Zaka alitufunga wote wawili. Mama yangu yuko Songea, na mwaka wa tatu huu nakaa kwao, nakula kwao, nalala kitanda cha pili chumbani kwa Zaka. Alitukalisha kwenye mkeka jikoni, karibu na moto.

"Tulia, Mngoni wewe, unatikisika kama babu zako walipotuona."

"Mama, babu zangu waliwafukuza nyinyi mpaka mkaacha viatu."

"Viatu?" Zaka akadakia. "Mama, si walikuwa peku wote?"

"Ndiyo maana walikimbia vizuri," mama yake akasema, akakaza fundo la kilemba cha Zaka, kisha akaliwekea mkono juu muda mrefu kidogo kuliko alivyoliwekea langu. "Haya. Nendeni. Msipofaulu mtarudi na mtakula hivyohivyo."

Njiani, kwenye mlima wa kuelekea chuoni, Zaka alisimama akajishika kiuno. "Nakufa, mtani."

"Kufa upesi, nirithi koti."

Huo ndio ulikuwa wimbo wetu. Zaka amekufa mara mia. Amekufa kwenye somo la hesabu, amekufa kwenye foleni ya maji, amekufa siku Simbila, msichana wa duka la dawa, alipomwita "kaka". Kila akifa mimi namharakisha. Mhehe akimwambia Mngoni "nakufa" halafu Mngoni akamwonea huruma, huo si utani tena, ni matusi.

Kipindi cha asubuhi nilipewa mama wa makamo. Amekaa kwenye kiti cha kamba, mkono kifuani, jasho linamtoka na nje kuna baridi. Anasema ni kiungulia tu. Mwingine angempa dawa ya tumbo. Mimi nilimtazama jasho, nikamtazama taya alivyolishika, nikajua ni moyo. Nikamlaza, nikafanya yote yanayopaswa, moja baada ya jingine, na akapona. Nilipofumbua macho nilikuwa natabasamu. Nilijua nimepata.

Saa sita tukatolewa kupumzika. Wali na maharage vilikuwa vinagawiwa upande wa pili wa jengo. Nilimkuta Zaka nyuma, peke yake, amekaa kwenye ngazi ya tangi la maji. Mkono kifuani.

"Otmar. Kifua kinabana."

"Kimebanwa na uongo ulioandika humo ndani."

"Nakufa, mtani."

Na jasho nililiona. Naandika hili kwa mkono wangu: niliona jasho likimshuka shavuni, katika baridi ile, na nilikuwa sijatimiza saa moja tangu nimponye mama wa watu kwa jasho hilohilo.

"Kufa upesi, Mhehe," nikamwambia. "Wali unapoa."

Nikageuka nikaenda kupanga foleni. Nilichukua sahani mbili. Niliporudi alikuwa amelala ubavu chini ya tangi, mdomo wazi kidogo, na bomba linadondosha maji karibu na sikio lake.

Nilipiga kelele. Wakaja. Wakafanya yote yanayopaswa, moja baada ya jingine. Msimamizi akaniuliza, "Ulikuwa naye?" Nikasema, "Nimemkuta ameanguka." Kisha wakatuambia anayeweza aendelee na kipindi cha mchana, asiyeweza aende nyumbani na mtihani wake umekwisha. Nikaendelea. Usiniulize kwa nini. Waliniletea wagonjwa watatu, na wote walikuwa na uso mmoja. Sikumgusa hata mmoja. Nilikaa nao tu mpaka wakaacha kupumua.

*

Kwa hiyo unaona hesabu yangu ilivyokaa. Nikiziacha alama, zimekufa, na utabibu umekufa nazo. Nikizifuta, nitarudi mwakani, yule mama wa kiti cha kamba nitamponya tena, wengine watatu nitawaponya pia, nitakuwa mmoja wa wale arobaini. Na maneno yale hayatakuwepo. "Wali unapoa" itafutika kichwani mwangu kama chaki.

Kulikuwa na tatizo moja. Leo haifutiki. Ningeamka bila jana, lakini ningekumbuka leo, nimekaa kwenye benchi najuta. Ningejua kuna kitu nilikifanya, nisijue ni nini. Kovu bila kisu.

Nikalifikiria hilo hapo kwenye benchi, ulanzi unapita mkono kwa mkono, mimi naupitisha bila kunywa. Ndipo akili yangu, hii wanayoisifu kwa wepesi, ikaniletea dawa yake.

Mama Zaka alikuwa ananiuliza tangu jana jioni. Aliniuliza mlangoni, kabla hata hajakaa chini: "Uliwahi kuongea naye? Alisema nini?" Nikamjibu, "Nitakuambia, Mama, ngoja kwanza." Aliuliza tena alfajiri. Alikuwa haulizi kwa kulaumu. Alitaka neno la mwisho la mwanawe tu.

Basi ningemwambia leo. Ningemtungia neno zuri. Yeye angetulia. Halafu ningekwenda chumbani, nibonyeze, nilale. Nikiamka, kitu pekee ambacho ningekumbuka kuhusu kifo cha Zaka kingekuwa ni mimi, nimekaa mbele ya mama yake, namweleza alivyokufa vizuri. Uongo ungebaki peke yake bila shahidi, na mtu wa kwanza kuuamini ningekuwa mimi. Sijui kama kuna dhambi tamu kuliko ile ambayo hata mwenyewe huijui.

Saa tano hivi alikuja karani wa chuo, dada mmoja mwembamba, kichwa amekiinamisha. Alimpa Mama Zaka sanduku dogo la bati na karatasi ya kuwekea dole gumba. Wakanong'ona kidogo. Nilisikia "mpaka saa nane" na "ni haki ya mzazi". Nikadhani ni viatu vyake na kitambulisho. Mtu akifia mahali, vitu vyake si vinarudishwa? Mama Zaka akaingia ndani na sanduku, akafunga mlango. Wanawake wakasema mwacheni alale kidogo, usiku kucha hakufumba jicho. Alikaa huko kama robo saa, labda zaidi. Alipotoka alikuwa amejitanda khanga kichwani mpaka kwenye nyusi. Hakulia. Alipita mbele ya benchi letu akaenda kuchochea maharage, na aliponipita alinigusa bega.

Mkono ule ulinichoma kuliko moto wa mafiga.

*

Saa nane kasoro dakika ishirini niliingia chumbani. Kitanda cha Zaka kilikuwa kimetandikwa. Nilitoa kilemba changu chini ya mto, nikajifunga, nikalikaza fundo mwenyewe. Halikukaa vizuri kama la jana. Juu yake nikavuta kofia ya sufu hadi masikioni. Iringa mwezi wa saba nani atauliza kofia? Kitufe cheusi kilikuwa hapo juu ya sikio la kulia. Kazi iliyobaki ilikuwa ni mazungumzo mafupi tu, kisha kitandani.

Nilimkuta jikoni peke yake, amekaa kwenye mkeka uleule wa jana. Wengine walikuwa nje wanapakua chakula.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Umekula?"

"Bado, Mama."

"Wali umeiva. Utakula." Akaokota punje ya harage mkekani, akaishika. "Umekuja kuniambia?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilishusha sauti, nikatazama moto kama wanavyotazama watu wanaosema kweli. "Nilimkuta amekaa nyuma kwenye tangi. Akaniambia, Otmar, sijisikii vizuri. Nikakaa karibu naye. Akasema, mwambie mama asante kwa fundo la leo, lilikaa vizuri. Halafu akaniegemea. Nikamshika mkono mpaka mwisho, Mama. Hakuteseka. Alikuwa kama mtu anayesinzia."

Nilipomaliza nilihisi kitu cha ajabu. Nilihisi nafuu. Nilikuwa nimeanza kuona mkono wake ndani ya mkono wangu.

"Ulimshika mkono gani?" akauliza.

"Wa kulia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Nje mtu aliita sahani, mwingine akamjibu zimeisha. Mama Zaka akapeleka mikono kichwani, akafungua khanga, akaishusha mabegani.

Kwenye paji la uso wake palikuwa na mstari mwekundu. Mpana kama vidole vinne, mbichi, umeanzia sikio hadi sikio.

Yule mama wa Makambako alinijia akilini, na kicheko chetu cha wiki nzima.

"Walisema alama za marehemu anaamua mzazi," akasema. "Ziachwe au zifutwe. Nikamwambia yule binti, nitaamuaje kitu nisichokijua? Akaniambia unaweza kukivaa. Siku nzima inapita kwa robo saa." Alikuwa anaigeuzageuza ile punje ya harage. "Nimejifunga mwenyewe. Nimejiona nikimfunga. Sikujua mkono wangu una joto hivyo."

"Mama..."

"Mkono wake wa kulia ulikuwa kifuani, Otmar. Haukutoka hapo." Akanitazama usoni, na akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti nyepesi, ya haraka, ya kijana anayejiona ana akili: "'Kufa upesi, Mhehe. Wali unapoa.'"

Mtu ukikutwa, ulimi hutafuta mzaha kama mguu unavyotafuta ndara gizani. Wangu ulitafuta. Hakukuwa na kitu.

"Sijakuita nikuchape," akasema. "Nilitaka nione kama utaniambia. Tangu jana nakuuliza."

"Niliogopa, Mama."

"Najua." Moto ulipasuka kidogo, akarudisha kijinga ndani kwa mguu. "Nikuambie kitu ambacho wewe hukukiona, kwa sababu uligeuka. Ulipomwambia vile, alicheka. Huku nje hakikutoka, pumzi haikuwepo. Lakini humu ndani nilikuwemo mimi. Mwanangu alicheka. Na jibu alikuwa nalo." Akagusa koo lake. "Lilifika hapa. Jibu lenyewe zuri, Mngoni. Lingekumaliza."

"Zake nimeziacha," akasema. "Nilibonyeza cheupe. Hata kama amefeli, ni siku yake. Jibu lako ninalo mimi, na ningependa kukupa, maana ni mali yako. Lakini siwezi kumpa mtu ambaye baada ya robo saa hatajua alikuwa ameulizwa nini."

Kengele ya saa nane ya kanisani Kihesa huwa inatangulia kidogo. Nikaisikia inaanza.

Mama Zaka akanyoosha mkono juu ya moto, kiganja wazi, kama alivyoniita jana alfajiri nisogee anifunge.

"Haya, mtani," akasema. "Na wewe vua hiyo kofia."